Kipa anabeba lawama, mpira unapona

Mshabiki wa soka akifungua kurasa za michezo, habari ya gofu huiruka kama mtu anayeruka dimbwi la maji machafu. Anataka msimamo wa ligi, anataka kujua nani kaumia, nani kasajiliwa, kocha gani kakalia kuti kavu. Gofu anawaachia wakubwa. Hilo ni kosa dogo ambalo leo linafaa kusahihishwa, maana mabishano ya vijiweni kila baada ya mechi, yale ya "kipa kauza" na "kipa kaonewa", sehemu kubwa ya jibu lake imo ndani ya kile kijipira cheupe chenye vishimo.

Kijipira hicho kina kipenyo kisichopungua milimita 42.67 na uzito usiozidi gramu 45.93. Hiyo ni sheria. Juu ya ngozi yake kuna vishimo, kwa kawaida kati ya 300 na 500, kila kimoja kikiwa kimezama robo milimita hivi, sawa na unene wa karatasi mbili tatu za daftari. Wengi hudhani ni urembo tu. Basi vifutwe vishimo hivyo, mpira uachwe laini kama yai, apewe mchezaji yule yule apige kwa nguvu ile ile. Mpira utafika kama nusu ya safari yake, halafu chini.

Waliogundua siri hii hawakuwa wanasayansi. Mnamo 1848 huko Scotland wachezaji walianza kutumia mipira ya utomvu mgumu wa miti ya Malaya, gatapacha, badala ya ile ya zamani ya ngozi iliyoshindiliwa manyoya. Ilikuwa ya bei nafuu, ilikuwa laini, inang'aa, na ikipigwa ilianguka mapema kama ndege aliyepatwa na manati. Lakini ikishachezewa siku kadhaa, ikajaa mikwaruzo na makovu ya fimbo, ndipo inaanza kuruka vizuri. Mzee akawa bora kuliko kijana. Watengenezaji wakachukua nyundo, wakawa wanaigongagonga mipira mipya kabla ya kuiuza. Mwaka 1905 Mwingereza mmoja, William Taylor, akaomba hataza ya mpira wenye vishimo vya duara, na mpaka leo mpira wa gofu unaishi kwa wazo hilo.

Sababu yenyewe ni hewa. Mpira unapokwenda kasi, hewa huupita pande zote ikiwa imeukumbatia. Ukiwa laini, hewa hiyo huachia mapema, karibu na kiunoni, na nyuma ya mpira linabaki eneo pana la hewa iliyovurugika ambalo linauvuta mpira urudi nyuma. Aliyewahi kulifuata lori kwenye barabara ya vumbi anaujua mkia ule. Vishimo vinaichokoza ile hewa nyembamba iliyo karibu kabisa na ngozi ya mpira, inachanganyika, inapata nguvu ya kung'ang'ania na kuzunguka mpaka nyuma zaidi ndipo iachie. Mkia unakuwa mwembamba. Mvuto wa kurudi nyuma unashuka kwa karibu nusu.

Inachekesha, lakini mtu mmoja kati ya waliolifungua fumbo hili ni Gustave Eiffel, yule yule wa mnara wa Paris. Uzeeni alijenga maabara ya kupima upepo, na mwaka 1912 akaona jambo lisiloingia akilini: tufe likiongezewa kasi, hufika mahali ukinzani wa hewa unashuka ghafla badala ya kupanda. Miaka miwili baadaye Mjerumani Ludwig Prandtl alichukua tufe laini, akalivisha pete ya waya mwembamba, na ukinzani ukashuka vilevile. Waya ule ulikuwa unafanya kazi ya kishimo. Na kwa mtu wa soka, waya ule ni mshono.

Hapo ndipo pa kushika. Kila mpira duniani, uwe wa gofu au wa miguu, una kasi yake maalumu ya kugeuka: chini ya kasi hiyo hewa huachia mapema, juu ya kasi hiyo hewa hung'ang'ania. Ngozi ikiwa na mikwaruzo, vishimo au mishono mirefu, mgeuko hutokea mpira ukiwa bado kwenye kasi ndogo. Ngozi ikiwa laini, mgeuko husogea kwenye kasi kubwa. Mpira wa gofu huupita mpaka huo mara tu unapotoka kwenye fimbo, na sehemu kubwa ya safari yake unakuwa upande ulio salama. Hatari ipo pale mpira unapoelea karibu na mpaka wenyewe. Upande wa kulia hewa imeng'ang'ania, wa kushoto imeachia, sekunde kidogo mambo yamegeuka. Mpira hauzunguki, lakini unayumba. Unakwenda huku, unarudi kule. Kipa kesharuka.

Kwenye gofu jambo hili lilichukuliwa kwa uzito mapema, na ndiyo sababu mpangilio wa vishimo ni kazi ya wahandisi na siyo ya wachoraji. Kwa miongo mingi mipira mingi ilikuwa na vishimo 336, vimepangwa katika pembetatu 8. Tatizo la mpangilio ule ni kwamba mpira hutengenezwa kwa kalibu mbili zinazokutana katikati, na mahali zinapokutana palibaki mstari usio na vishimo, kama ikweta. Mpira ukipigwa mstari ukiwa umesimama, unaruka hivi. Ukipigwa mstari ukiwa umelala, unaruka vingine. Baadaye wabunifu wakahamia kwenye pembetatu 20 ili ngozi ilingane zaidi pande zote. Umbo hilo la pembetatu 20, likikatwa ncha zake zote, ndilo linalozaa ule mpira wa miguu ambao kila mtoto wa Afrika Mashariki anaweza kuuchora akiwa amefumba macho: vipande 12 vyeusi vya pembe tano, vipande 20 vyeupe vya pembe sita. Ndugu wa damu hao.

Kisa kinachofaa kusimuliwa kwa kirefu ni cha mpira ulioitwa Polara. Miaka ya 1970 huko California, mkemia Daniel Nepela na mwalimu wa fizikia Fred Holmstrom walikaa wakajiuliza: kama vishimo ndivyo vinavyoamua safari, kwa nini visipangwe kwa makusudi ili visahihishe kosa la mpigaji? Wakatengeneza mpira ambao vishimo vya kwenye mkanda wa katikati na vile vya ubavuni havikulingana kina. Mchezaji aliuweka mpira kwa kufuata alama, anapiga, na hata akipiga vibaya, mpira unajirudisha kwenye mstari. Ile shuti ya kukata inayowasumbua wachezaji wa wikiendi ikawa imepata dawa.

Ni kama kutengeneza mpira wa miguu unaojua goli liko wapi. Chama cha gofu cha Marekani, USGA, kikaona wazi kuwa mchezo unaenda kuhamishwa kutoka mikononi mwa mchezaji kwenda kiwandani. Mwaka 1981 kikaingia kwenye vitabu kanuni ya ulinganifu: mpira usibuniwe wala usitengenezwe makusudi ili uwe na tabia tofauti na ya mpira unaolingana pande zote. Hawakuhesabu vishimo, hawakusema viwe vya duara au vya pembe sita. Walisema tu mpira uruke sawa ukipigwa upande wowote, na wakaweka mashine ya kupiga ili kuhakikisha. Wenye Polara walikwenda mahakamani, na kesi ikaishia nje ya mahakama kwa kulipwa zaidi ya dola milioni 1. USGA ilitoa pesa, kanuni ikabaki.

Sasa turufu ya soka. Kanuni ya 2 ya sheria 17 za mchezo huu inasema mpira uwe wa duara, uwe wa malighafi inayofaa, mzingo wake uwe kati ya sentimita 68 na 70, uzito kati ya gramu 410 na 450, na ujazo wa hewa uwe ndani ya kiwango. Mipira ya mashindano makubwa hupimwa pia mdundo, uduara na unywaji wa maji kabla ya kupewa alama ya ubora. Yote mazuri. Lakini kanuni yenyewe haina hata neno moja kuhusu vipande vingapi, mishono mirefu kiasi gani, au mpira uruke vipi ukiwa hauzunguki. Mtengenezaji kaachiwa uwanja mtupu, na kautumia.

Telstar ya Mexico 1970 ilikuwa na vipande 32. Teamgeist ya Ujerumani 2006 ikashuka hadi 14, vikiwa vimegandishwa kwa joto badala ya kushonwa. Afrika Kusini 2010 ikaja Jabulani, neno la Kizulu lenye maana ya furahini, ikiwa na vipande 8. Ilitambulishwa Desemba 2009 mjini Cape Town kwa sifa kemkem: duara kuliko zote, haina shaka kuliko zote. Ilikuwa duara kweli. Shida ni kwamba mishono ilikuwa michache na haikuzama, na vile vimifereji vidogo vilivyochorwa juu ya ngozi havikutosha kuziba pengo.

Makipa hawakufurahi hata kidogo. Julio Cesar wa Brazil aliufananisha na mipira inayouzwa supamaketi. Iker Casillas, ambaye mwishowe ndiye aliyeinua kombe, naye alilalamika, na Gianluigi Buffon vilevile. Vijiweni watu wakasema makipa wanajitafutia visingizio kabla ya mtihani. Wahandisi wa NASA kituo cha Ames, California, walipoutazama, walikuta kasi yake ya kuyumba inaanzia kilomita 70 hivi kwa saa, wakati mpira wa zamani wa vipande 32 ulifika hapo kwenye kilomita 50 kwa saa au chini kidogo. Mtu asiyejali namba anaweza kuona hiyo ni tofauti ya kawaida. Siyo. Kilomita 50 kwa saa ni kasi ya krosi ya kinyonge, kipa anaudaka huku anacheka. Mkwaju wa adhabu wa fundi hutoka mguuni kwa kasi ya kilomita 90 hadi 100 na ushee, unapungua njiani, na unapokaribia goli unakuwa umeangukia pale pale kwenye ukanda wa kuyumba. Kwa maneno mengine, uchawi ule ulisogezwa kutoka mahali usipomdhuru mtu ukaletwa mita chache mbele ya pua ya kipa.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Robert Green wa England aliyeuachia ule wa Clint Dempsey kule Rustenburg alikataa kuusingizia mpira, na alikuwa sahihi. Lile lilikuwa shuti la chini, mikono ilimteleza, basi. Johannesburg nako kuko juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira wowote hukimbia zaidi pale. Jabulani haikufunga mabao yote ya mashindano yale. Lakini kuna usiku ambao mshabiki wa Afrika hawezi kuusahau, na mpira ule ulikuwepo.

Julai 2, 2010, Soccer City, robo fainali, Ghana na Uruguay. Kila mtu anakumbuka mkono wa Luis Suárez kwenye mstari wa goli na tuta la Asamoah Gyan lililogonga mwamba. Wachache wanakumbuka jinsi mechi ilivyofika 1-1. Sulley Muntari aliachia mkwaju wa mbali sana mwishoni mwa kipindi cha kwanza, Fernando Muslera akapotea maboya, Ghana ikaongoza. Dakika ya 55 Diego Forlán akasimama kwenye mpira wa adhabu. Mpira ukatoka, ukapinda angani, Richard Kingson akabaki njia panda, nyavu zikatikisika. Mabao mawili, yote ya mbali, makipa wawili wote wamegeuzwa. Halafu matuta, Uruguay 4-2, na ndoto ya timu ya kwanza ya Afrika kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia ikasubiri miaka 12 mpaka Morocco.

Forlán alikuwa fundi, hilo halina ubishi. Alimaliza na mabao 5 na tuzo ya mchezaji bora wa mashindano, na aliutawala mpira ule kuliko mtu mwingine yeyote. Ila ufundi wa mpigaji ni kuchagua namna ya kuupiga. Kipa hachagui chochote. Anaposemwa kwamba mpira ni mmoja kwa timu zote mbili kwa hiyo hakuna aliyeonewa, hoja hiyo inapita juu ya kichwa cha mtu mmoja tu uwanjani, yule aliyevaa glavu.

Na hapa gofu inaipita soka kwa mbali. Mcheza gofu huja na mpira wake mwenyewe. Kaununua au kapewa na mdhamini, kaufanyia mazoezi mwaka mzima, anajua ukipigwa hivi unafanya vile. Pamoja na uhuru wote huo, bado kuna kanuni inayomlinda dhidi ya mpira wenye hila, na hauruhusiwi mashindanoni mpira ambao haumo kwenye orodha iliyopimwa. Mchezaji wa soka anapewa mpira ambao hakuuchagua, wakati mwingine kauzoea kwa wiki chache tu, na hakuna kanuni inayosema uruke vipi. Anayehitaji ulinzi zaidi ndiye asiye nao.

Watengenezaji wenyewe walijifunza. Brazuca ya 2014 ilikuwa na vipande 6 tu, vichache kuliko vya Jabulani, lakini mishono yake ilikuwa mirefu zaidi na imezama mara tatu hivi, na malalamiko yakapungua sana. Al Rihla ya Qatar 2022 ilikuwa na vipande 20 na ngozi yenye vimuundo vidogo vidogo. Mtu akiutazama kwa karibu anaukumbuka mpira wa gofu. Trionda ya 2026 ina vipande 4, na wenyewe wanajivunia mishono ya kina. Kumbe idadi ya vipande haikuwa tatizo tangu mwanzo. Tatizo ni jumla ya mshono na kina chake, yaani yale yale ya Scotland ya makovu na mikwaruzo. Lakini kiwanda kujirekebisha chenyewe ni hisani, na hisani inaweza kusahauliwa kwenye mpira wa mashindano yajayo. Mpira mpya kila baada ya miaka minne ni biashara, na biashara haiwezi kulaumiwa kwa kutafuta jipya. Wa kulaumiwa ni mwenye sheria aliyenyamaza.

Huku kwetu mambo ni madogo zaidi lakini yanauma vilevile. Timu inayotoka ligi ya nyumbani kwenda mechi za Afrika inaweza kukutana na mpira wa kampuni nyingine kabisa, wenye mishono mingine na ngozi nyingine. Kipa aliyezoea mmoja anapewa mwingine, na kama mazoezi yake na mpira ule yalikuwa ya jioni moja kabla ya mechi, hapo kafundishwa nini? Timu ya Dar es Salaam ikipanda Mbeya, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, inakutana na hewa iliyopungua uzito kwa asilimia 15 hivi, na mpira unafika mapema kuliko macho yalivyozoea. Halafu mazoezini unakuta mpira uliochanika ngozi, mwingine umevimba ubavu, wa mechi umefungiwa stoo usichakae. Benchi la ufundi linajua kuweka koni na kamba za miguu, lakini mipira ya mechi kwa kipa, mikwaju 50 ya mbali isiyozunguka kila wiki, inaonekana anasa.

Haigharimu mamilioni. Msimamizi wa ligi yoyote anaweza kuutangaza mpira wa msimu miezi miwili kabla ya mechi ya kwanza na kuhakikisha kila klabu inapata ya kutosha kwa mazoezi, siyo ya mechi tu. Klabu inayojua imepangwa kimataifa inaweza kuusaka mpira wa mashindano hayo siku ile ile ya droo, kabla hata ya tiketi za ndege.

Kwa upande wa sheria, mwenye kauli ni Bodi ya Kimataifa ya Vyama vya Soka, IFAB, inayokutana kila mwaka. Kura zake ni 8: FIFA inazo 4, na vyama vya England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kimoja kimoja. Badiliko linahitaji kura 6. Mstari mmoja kwenye kanuni ya 2 ungetosha, wa kusema mpira upimwe jinsi unavyoruka bila kuzunguka, kwa kasi za mikwaju ya kweli, ukiwa umeelekezwa pande tofauti, na tofauti isizidi kiwango kitakachowekwa. Mashine za kupiga zipo. Matundu ya upepo yapo. R&A, wanaosimamia sheria za gofu duniani pamoja na USGA, ofisi zao ziko St Andrews, Scotland, na mjumbe wa Scotland kwenye bodi ile anaweza kuwafikia kwa gari kabla ya chakula cha mchana, akauliza walivyofanya mwaka 1981.